Panya Waliopona Redioni

Siku Profesa aliposema redioni kwamba panya wamepona, Kitinda hakuwepo. Alikuwa amepelekwa nje ya nchi kwa mafunzo ya wiki chache, kujifunza kutumia hadubini ambayo taasisi yao ya utafiti, iliyoongozwa na Profesa, ilikuwa imeahidiwa. Kwa hiyo hakuisikia ile sauti nzito na ya upole ikimweleza mtangazaji: "Tuliwachukua panya wenye skizofrenia, tukawapa dawa yetu mpya, wakapona. Siku si nyingi, wagonjwa wetu watavitupa jalalani vidonge vyao vya zamani."

Aliyeisikia ni mama yake. Alikuwa amesimama anapiga pasi, na mahojiano yalipokwisha, shati lilikuwa limeungua begani.

Mjomba, kaka yake Mama, aliyekaa nyumba ya jirani na mwenye maoni juu ya kila kitu kuanzia mpira hadi mawingu, aliingia hodi ikiwa bado mdomoni. "Umesikia? Umesikia wewe? Ni palepale kwa mtoto wetu!"

Mama alipiga vigelegele, peke yake, katikati ya sebule, pasi ingali mkononi.

Mtoto wetu ndiye Kitinda, kitindamimba wa nyumba hiyo, jina lililomganda hata baada ya shahada zote alizopata. Ndugu walimwita daktari wa panya. Walimtania kwamba watu wengine wanasoma ili wafukuze panya, yeye amesoma ili awalishe. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kwa nini alichagua kazi hiyo. Walijua. Alikuwa na kaka.

Kaka huyo aliitwa Fyuzi. Jina alilipata alipokuwa fundi umeme kijana, mwepesi wa ngazi na wa mdomo, ambaye mtaa ukiingia giza watu hawakusema "tafuteni fundi", walisema "mwiteni Fyuzi." Kisha ndipo ugonjwa huo wa skizofrenia ulipomkuta. Kwanza alianza kukaa kimya, akaacha kazi katikati, akaacha kuoga. Baadaye zikaja sauti, mbili za wanaume na moja ya mwanamke, zikimjadili mchana kutwa kama wanaomnunua. Majirani nao hawakukosa la kusema: fyuzi imeungua. Mwenyewe, alipopata nafuu, aliwajibu akicheka, "Jina nilikuwa nalo kabla ninyi hamjapata utani."

Nafuu hiyo ilitoka kwenye vidonge. Akivimeza kila jioni, sauti zilisogea mbali zikawa kama redio ya jirani: ipo, lakini maneno yake hayakuhusu. Gharama yake ilikuwa mwilini. Alinenepa, usingizi wake ukawa mzito kama gunia la maji, na mikono ikaanza kutetemeka. Fundi umeme! Alikuwa akishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili bisibisi iingie kwenye kichwa cha skrubu. Mama alikuwa akigeuza uso asione.

Usiku ule ule wa tangazo Mama alimpigia Kitinda. "Mwanangu, ni kweli panya wamepona?"

"Mama, ni panya tu hao. Hatujui kama... bado sana, Mama, bado..."

Mtandao ukakatakata sauti, kisha ukazima kabisa. Mama alishusha simu, akamgeukia Fyuzi, uso unang'aa. "Mdogo wako kasema bado kidogo."

Fyuzi, aliyekuwa ameyasikia mahojiano yale kutoka chumbani kwake, aliviangalia vidonge vilivyokuwa vikirukaruka kwenye kiganja chake. "Sasa hivi vya nini tena?"

"Ungevipumzisha," alisema Mjomba, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kusoma hata karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa. "Safisha mwili kwanza. Dawa mpya ikikuta ya zamani mle ndani, zitagombana."

Mama angeweza kumpinga. Hakumpinga.

Na cha kuumiza ni kwamba zile siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Mikono ya Fyuzi ilitulia. Aliitengeneza pasi iliyounguza shati, akatengeneza feni ya Mjomba, akaamka asubuhi bila kuamshwa. Alisimulia vichekesho mezani. Mama alilia kwa furaha, akawaambia majirani mwanawe amerudi. Hakujua kwamba aliyekuwa njiani kurudi hakuwa yeye.

Sauti zilipoingia tena hazikubisha hodi. Safari hii zilipitia kwenye nyaya. Fyuzi alifungua soketi moja, akasikiliza, akafungua nyingine, na kufikia mchana alikuwa amezing'oa nyaya zote za nyumba, akazikunja vizuri kwa kazi ya kifundi na kuzipanga ukutani. Mama alimsihi, akamlilia, akamwita kwa jina lake la utotoni. Yeye alichukua koleo lake, akatoka, akaingia duka la kinyozi pale kona, na bila kusema neno akaanza kung'oa swichi. Kinyozi alikuwa mgeni mtaani. Alipiga kelele za mwizi.

Watu walikuja. Watu wa kumpiga mtu huwa hawachelewi.

Kitinda alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi hospitali, akiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Alimkuta kaka yake kwenye kitanda cha mwisho, jicho limefumba, meno mawili ya mbele hayapo, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Nesi alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Fyuzi alimtazama mdogo wake kwa lile jicho moja, kwa muda, kama anayemtambua kutoka mbali.

"Umekuja nayo?" aliuliza.

"Nini, kaka?"

"Dawa. Ile ya panya."

Kitinda alishindwa kusimama pale. Alitoka hadi kwenye korido alikokuwa Mama, ameketi kwenye benchi na mkoba mapajani, na hasira ikamtoka kabla ya salamu.

"Mlimwachisha dawa! Mama, mlimwachisha dawa kwa sababu ya redio?"

"Usinipigie kelele."

"Nisikupigie kelele? Umeuona mkono wake? Mjomba ana udaktari gani yule, mtu asiyeweza hata..."

"Nimesema usinipigie kelele!" Mama alisimama, na mkoba ukaanguka. "Nani aliyesema wamepona? Mimi? Mjomba wako? Ni ninyi! Ni huyo mkubwa wenu, mwenye sauti kama baba mzazi! Miaka yote unakwenda kule asubuhi unarudi jioni, tukikuuliza unasema kazi inaendelea, kazi inaendelea. Nikadhani mmefika. Nikadhani umetuficha ili uje utushangaze. Panya akipona si maana yake amepona? Neno hilo lina maana ngapi kwenu ninyi wasomi?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja wagonjwa wao walijifanya kutazama dirisha. Kitinda aliinama, akaokota vitu vya Mama vilivyomwagika sakafuni, akavirudisha mkobani kimoja kimoja.

Kupona kwenyewe hakukuwepo. Yeye alikuwa amefanya kipimo chenyewe na alikijua. Unamweka panya kwenye bomba dogo la plastiki ndani ya kisanduku kisichopitisha sauti, kisha unapiga mlio mkubwa wa ghafla. Panya anaruka. Ukitanguliza mlio mdogo kabla ya ule mkubwa, panya wa kawaida anakuwa ametahadharishwa na anaruka kidogo tu. Panya wale waliobadilishwa vinasaba waliruka vilevile, kana kwamba mlio mdogo haukuwapo, na watu wengi wenye skizofrenia wakipimwa hivyo nao hushtuka kwa namna inayofanana. Dawa ya Profesa ilipowaingia, panya wakaanza kuruka kidogo. Ndiyo hayo tu. Ni jambo la maana, ni mlango wa kugonga na kuona nani atafungua. Lakini hakukuwa na panya aliyeumwa, wala aliyepona. Kulikuwa na panya aliyeruka kidogo.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwa Profesa bila miadi. Profesa alikuwa mtu wa tabasamu, ambaye hata akikunyima likizo ulitoka ukimshukuru.

"Karibu, karibu! Mafunzo ya hadubini yamekwendaje?"

"Kaka yangu yuko hospitali. Alikusikia redioni, akaacha dawa. Wamemvunja mkono."

Tabasamu likazima. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pole sana. Pole kwa kweli. Lakini mimi sikumwambia mtu yeyote aache dawa."

"Ulisema watavitupa jalalani."

"Siku si nyingi, nilisema. Siku si nyingi! Ile ni lugha ya redio. Ungetaka niseme nini, mtangazaji ananipa dakika tatu? Nianze kueleza vinasaba na mlio wa kutangulia? Wasikilizaji wangelala."

"Bora wangelala."

"Sikiliza, binti." Alisogea mbele, na sasa hakuwa akiigiza upole. "Wiki moja kabla ya mahojiano yale tuliambiwa jengo hili litageuzwa ghala. Unafahamu? Ghala. Vizimba vyote, miaka yako yote na yangu yote. Baada ya mahojiano nimepigiwa simu na watu ambao hawajawahi kupokea zangu. Tumesalimika. Watu wanahitaji matumaini, na sisi tunahitaji watu."

"Basi rudi redioni uwaambie ukweli. Waambie waendelee na dawa zao."

"Nikirudi nikajikanusha, ghala lile pale."

Kitinda alitaka kumrushia kitu. Juu ya meza kulikuwa na panya wa kioo, zawadi ya kongamano fulani, na mkono wake ulimjua kabisa alipo. Badala yake aliusukuma mlango kwa nguvu mpaka cheti kimoja kikashuka ukutani, akatoka, akaenda mwenyewe kituo cha redio.

Mtangazaji alimsikiliza akitazama saa. Vipindi vilikuwa vimejaa. Kama ni tangazo la kawaida, alisema, liandikwe kwa kifupi. Likaandikwa kwa kifupi. Likasomwa na msichana mwenye mafua, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya michezo: wagonjwa wa akili wanakumbushwa kuendelea kutumia dawa kama walivyoelekezwa na daktari. Panya hawakutajwa. Profesa hakutajwa. Mjomba alilisikia lote, akasema, "Ona sasa, hata hao wameanza kusema dawa muhimu," akabadilisha stesheni.

Hata hivyo Profesa alijua limetoka kwa nani. Hakupiga kelele. Alimpa mtu mwingine ile hadubini, na kwenye mikutano akaanza kumwita "mwenzetu mwenye hisia." Kitinda aliendelea kwenda kazini kwa sababu panya walihitaji maji na mtu wa kuwapima, lakini kila alipofunga kile kisanduku na kubonyeza mlio, alibana meno mpaka taya zikamuuma. Alimchukia Profesa. Alimchukia Mjomba na feni yake inayozunguka vizuri. Kuna siku alimchukia hata panya, kiumbe asiye na kosa, kwa kuruka kidogo.

Fyuzi alirudi nyumbani na plasta yake. Vidonge vilikuwa vimeanza tena, sauti zikasogea, na nafasi yake ikachukuliwa na hasira ambayo familia haikuwa imewahi kuiona kwake. Hakumsemesha Mama. Mjomba alipokuja kumsalimu alimfungia mlango wa chumba. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alimwambia Kitinda, "Nipeleke nikamwone."

"Nani?"

"Huyo panya mwenye ugonjwa wangu."

Alimpeleka. Alimvalisha koti jeupe na vifuniko vya viatu, akampitisha kwenye mlango wa kwanza na wa pili, hadi kwenye chumba chenye harufu ya maranda na mkojo, ambako vizimba vya plastiki vilipangwa rafu juu ya rafu. Fyuzi alisimama mbele ya kizimba kimoja. Panya mdogo, mweupe, masikio ya waridi, alikuwa akijisugua pua kwa mikono miwili.

"Huyu?"

"Mmoja wao."

"Huyu ndiye mimi?"

"Hapana, kaka. Tunaita kielelezo. Anafanana na ugonjwa kwa kitu kimoja tu, au viwili."

Fyuzi aliinama mpaka pua yake ikakaribia plastiki. "Anasikia sauti?"

"Hatujui. Hatuna njia ya kumuuliza."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka akaingia Profesa, anapita kama kawaida yake. Alimwona mtu mnene mwenye mkono wa plasta na pengo, akaelewa, na, tumpe haki yake, hakugeuka nyuma. Alisogea, akanyoosha mkono. Fyuzi akampa wa kushoto.

"Pole sana, ndugu yangu. Nimesikia yaliyokukuta. Amini, haya yote tunayafanya kwa ajili yenu."

"Yetu nani?"

"Wagonjwa. Ninyi."

"Mimi nilikuwa na kazi," Fyuzi alisema. Alizungumza polepole, maana vidonge vilimfanya ulimi mzito, lakini kila neno lilitoka zima. "Ilikuwa kazi ya kutetemeka, lakini ilikuwa kazi. Ukasema nitupe vidonge. Nikakuamini kwa sababu ulikuwa na sauti ya kunitakia mema. Sauti nyingine ninazozisikia zinanitukana, kwa hiyo nimejifunza kuzibishia. Yako sikuibishia."

"Nilikosea maneno," alisema Profesa. "Hilo nakiri kwako. Lakini elewa na upande wa pili: ningenyamaza, mahali hapa pangefungwa. Pakifungwa, wewe unapata nini?"

"Ningekuwa na mkono wangu!"

Alipiga kelele, na vizimbani panya wote walishtuka kwa pamoja, wakakimbilia pembeni. Profesa alisimama kidogo, akamtazama Kitinda kana kwamba anaomba msaada. Kitinda hakumpa. Profesa akatoka, akafunga mlango taratibu, na hakuna siku aliyolizungumzia tena.

Fyuzi alikuwa akihema. Kitinda alitaka kumshika bega, naye akalisogeza bega.

"Na wewe usidhani umesalimika," alisema. "Huyu panya hamna njia ya kumuuliza, sawa. Mimi mnayo. Tunakula meza moja. Umewahi kuniuliza?"

Hakuwa amewahi. Alimuuliza kama amemeza dawa, kama amelala, kama mikono ina nafuu. Hayo aliyauliza kila siku.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umeunga vibaya. Kiwiko hakikunyooka tena chote. Daktari wa kliniki, mwanamke mkali aliyesikiliza kuliko wengine, alimbadilishia vidonge, na kutetemeka kukapungua, ingawa kupanda ngazi na kunyoosha nyaya darini kulikwisha. Akaanza kutengeneza vitu vinavyoletwa mezani: pasi, redio, taa za kuchaji. Kwa Mama alirudisha maneno kidogo kidogo, kwanza "chumvi", kisha "asante", kisha sentensi nzima. Kwa Mjomba hakurudisha kitu. Kinyozi alikuja kuomba radhi, akasimama mlangoni akizungusha kofia, na Fyuzi akamwambia hajawa tayari.

Na dawa ya Profesa? Miezi ilipopita, panya walioitumia kwa muda mrefu walianza kulegea. Kitinda na wenzake waliwapasua na kukuta maini yamevimba. Mradi ukafungwa kimyakimya, taasisi ikahamia kwenye dawa nyingine, na hadubini ikabaki. Hakuna aliyealikwa redioni kueleza maini. Kitinda alisubiri wiki nzima kuona kama kuna atakayesema, kisha akamwendea Profesa na kumwambia kwamba safari hii atazungumza yeye, kwa jina lake, ghala na liwe ghala. "Fanya unavyoona," alisema Profesa, na alionekana mzee. Kituo cha redio kilimpa dakika mbili. Alizitumia zote. Watu wachache walipiga simu, mmoja wao akiuliza kama basi dawa imekwisha madukani.

Alirudi nyumbani jioni hiyo damu ikimchemka, akatupa mkoba kwenye kiti karibu na meza. Fyuzi alikuwa mezani, amefungua redio ya mtu, ndani nje.

"Nimekusikia," alisema bila kuinua macho.

"Na?"

"Ulikuwa unasema haraka mno. Lakini ulisema."

Kitinda alivuta kiti kingine. "Kaka. Ilianzaje?"

Fyuzi aliweka bisibisi chini. "Watu wote wanadhani zilianza sauti," alisema. "Hazikuanza sauti. Kwanza umeme ulikwisha utamu. Unajua nilivyokuwa napenda ile sekunde unayowasha taa, chumba kinatokea? Siku moja niliwasha, chumba kikatokea, na sikuhisi kitu. Nikawasha na kuzima, nikawasha na kuzima. Mwenye nyumba akadhani naijaribu swichi."

Mkono wa Kitinda ulikuwa tayari umekwenda mkobani kutafuta kalamu.

"Usiandike," Fyuzi alisema, na ule ukali wa kule maabara ukarudi. "Kaa. Sikiliza kwanza."

Alikaa.